Nie ya Mwisho: Chimbuko la Ukanushi wa Kiafrikana na Mpangilio wa Maneno Yake

Mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiafrikana hukutana mapema na neno dogo linalomsumbua kuliko msamiati wote. Neno hilo ni nie. Kazi yake ni kukanusha, na kwa kawaida hutokea mara mbili katika sentensi moja: mara ya kwanza mahali ambapo Mholanzi angeliweka neno lake niet, na mara ya pili mwisho kabisa, maneno mengine yote yakiisha kusemwa. Gister het ek nie gewerk nie, yaani "Jana sikufanya kazi". Nie ya kwanza ndiyo inayokanusha. Ya pili haiongezi maana, wala haiifuti ile ya kwanza; inaifunga sentensi tu, na asiyeitia hutambulikana papo hapo kuwa mgeni. Vitabu vya mafunzo hutaja kanuni hiyo, hutoa mazoezi kumi au ishirini, kisha huendelea na somo jingine. Makala haya yanashughulika na swali ambalo vitabu hivyo huliruka, nalo ni hili: nie hiyo ya mwisho ilitoka wapi, na ilitiwa katika lugha na vinywa vya nani?

Swali hilo si la wanasarufi peke yao. Katika Afrika Mashariki lugha hii huitwa mara nyingi Kikaburu. Jina hilo lafahamika vema katika nyanda za Uasin Gishu, ambako msafara ulioongozwa na Jan van Rensburg ulifika mwaka 1908, na ambako Makaburu walilima hadi wengi wao walipoondoka karibu na uhuru wa 1963. Tena ni jina lenye uchungu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kwa sababu serikali ya ubaguzi iliwalazimisha kusomeshwa baadhi ya masomo yao kwa Kiafrikana, nao wakapigwa risasi. Msomaji anayeikumbuka siku hiyo ana haki ya kuuliza lugha hiyo inatafuta nini katika kurasa za lugha za Kiafrika. Hata hivyo jina la Kikaburu laficha jambo moja kubwa, maana laifanya lugha kuwa mali ya mkulima Mzungu. Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 6.8 ambao Kiafrikana ndiyo lugha yao ya kwanza. Wazungu kati yao walikuwa kama milioni 2.7. Kundi lililo kubwa zaidi, la watu kama milioni 3.4, lilikuwa la wale wanaoandikwa katika nchi hiyo kuwa Machotara, yaani wazao wa Wakhoikhoi, wa watumwa na wa Wazungu waliochanganyika kwa karne tatu na zaidi. Ikiwa nusu ya wasemaji ni hao, yafaa kuuliza sarufi yenyewe wana sehemu gani ndani yake.

Kabla ya historia, hapana budi kutazama jinsi sentensi inavyojengwa, kwani hoja yote imesimama juu ya mahali neno linapokaa. Kitenzi cha Kiafrikana hakibadiliki kwa nafsi: ek loop, jy loop, hulle loop, yaani "ninatembea, unatembea, wanatembea". Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kitenzi kilichobeba kiima, wakati na yambwa kwa pamoja, huliona jambo hilo kuwa umaskini. Lakini kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa viambishi, Kiafrikana huifanya kwa nafasi. Katika kishazi huru kitenzi chenye wakati hukaa nafasi ya pili. Kikitangulia kielezi, kiima hurudi nyuma ya kitenzi: Môre werk ek nie, "Kesho sifanyi kazi". Kitenzi kikiwa cha sehemu mbili, sehemu ya kwanza hubaki nafasi ya pili na ile nyingine husukumwa hadi mwisho, kama het na gewerk katika mfano wa kwanza. Katika kishazi tegemezi kilichoanza na dat kitenzi chote huenda mwisho: Ek weet dat hy môre kom, "Najua kwamba kesho atakuja". Dat ikiachwa, kitenzi hurudi nafasi ya pili, na mwanafunzi hupumua.

Ukanushi hukaa ndani ya ujenzi huo. Ek het hom nie gesien nie, "Sikumwona". As dit nie reën nie, gaan ons dorp toe, "Isiponyesha mvua, twenda mjini". Hapo nie ya pili imefunga kishazi chake na kukiacha kishazi kikuu nje ya ukanushi. Lakini katika Ek glo nie dat hy môre kom nie, "Siamini kwamba kesho atakuja", ukanushi ni wa kitenzi cha kwanza, na nie ya kufunga imengoja mpaka kishazi tegemezi kikaisha. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: sentensi ikirefuka, husahau kwamba kuna mlango uliobaki wazi. Hata maneno yenye ukanushi ndani yake hudai mlango huo: Niemand het gekom nie, "Hakuna aliyekuja". Katazo nalo hufungwa vivyo hivyo. Moenie, ambalo limetokana na moet nie, huanza, na nie humaliza: Moenie hardloop nie, "Usikimbie".

Mwalimu wa Kiswahili asikubali mwanafunzi wake aseme kwamba kukanusha mara mbili ni kinyume cha akili. Hasomi ina ha- mwanzoni na -i mwishoni, na hapana anayeona kwamba moja inaifuta nyingine. Kiswahili hufunga ukanushi ndani ya neno. Kiafrikana huufunga mwisho wa sentensi. Tofauti ni ya umbali tu.

Kuna hali moja ambapo nie huonekana mara moja tu, na hali hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote. Kitenzi kikiwa kimoja, na baada ya ukanushi pasiwe na neno jingine, nie mbili zingeangukia pamoja. Basi moja huondolewa. Ek werk nie, "Sifanyi kazi". Ek sien hom nie, "Simwoni". Hakuna asemaye nie nie. Katika sentensi fupi za namna hiyo Kiafrikana na Kiholanzi hufanana kabisa katika mpangilio: Ik werk niet, Ik zie hem niet. Jambo hilo litarejewa hapa chini.

Lugha ya Kiholanzi ilifika Rasi ya Tumaini Jema tarehe 6 Aprili 1652, Jan van Riebeeck alipotua na watu wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ili kuanzisha kituo cha mboga, maji na nyama kwa ajili ya merikebu. Tangu siku za kwanza Waholanzi walitegemea wakalimani Wakhoikhoi. Autshumato alikuwa amekwisha kuchukuliwa na Waingereza hadi Java kabla ya hapo, na alijua Kiingereza. Krotoa, ambaye Waholanzi walimwita Eva, aliingia akiwa msichana mdogo katika nyumba ya van Riebeeck, akajifunza Kiholanzi na Kireno, akabatizwa mwaka 1662 na kuolewa na tabibu wa Kampuni mwaka 1664. Alifariki mwaka 1674 hali amedharauliwa na pande zote mbili. Watu kama hao ndio Waafrika wa kwanza wanaojulikana kwa majina waliokisema Kiholanzi katika ardhi hiyo, na walikisema kwa masikio yaliyolelewa katika lugha nyingine.

Mwaka 1658 waliletwa watumwa wengi kwa mara ya kwanza, baadhi yao kutoka Angola na baadhi kutoka pwani ya Guinea. Baadaye walitoka Madagaska, Msumbiji, Bara Hindi, Sri Lanka na visiwa vya Indonesia. Mwanahistoria Robert Shell alikadiria kwamba kufikia 1808 watumwa wapatao 63,000 walikuwa wameingizwa, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 idadi yao ilizidi ile ya Wazungu huru. Miongoni mwao Kireno cha kikrioli na Kimalei zilikuwa lugha za mawasiliano. Wazungu wenyewe nao hawakuwa wa asili moja. Askari na mabaharia wengi wa Kampuni walikuwa Wajerumani, na tangu 1688 waliongezeka Waprotestanti wakimbizi wa Ufaransa. Kwa wengi wa wasemaji wake, basi, Kiholanzi cha Rasi kilikuwa lugha ya kujifunza.

Juu ya asili ya nie ya mwisho wataalamu wamegawanyika katika makundi matatu. La kwanza latafuta Ulaya. Ni kweli kwamba Kiholanzi cha kale kilikanusha kwa maneno mawili, en kabla ya kitenzi na niet baada yake, kama ne na pas za Kifaransa, na kwamba lugha nyingi hupita katika mzunguko huo ambao Otto Jespersen aliueleza mwaka 1917. Lakini en hiyo ilishikamana na kitenzi kwa mbele; haikukaa mwisho wa sentensi, tena katika usemi wa jimbo la Holland ilikuwa inakufa wakati merikebu za Kampuni zilipong'oa nanga. Hoja iliyo imara zaidi ni ya J. L. Pauwels, aliyeonyesha mwaka 1958 kwamba katika lahaja ya Aarschot huko Ubelgiji niet ya ziada husikika mwisho wa sentensi. Kufanana huko ni kwa kweli na hakupaswi kufichwa. Hata hivyo walowezi wa Rasi hawakutoka kwa wingi katika wilaya hiyo, na ni vigumu kueleza jinsi tabia ya lahaja moja ya ndani ya Brabant ilivyoweza kuishinda lugha ya watu wa Amsterdam na Zeeland.

Kundi la pili latazama watumwa. D. C. Hesseling aliandika mwaka 1899 kwamba Kiafrikana kilipata umbo lake kwa mgongano na Kireno cha Kimalei, na Marius Valkhoff aliifufua hoja hiyo mwaka 1966 huko Johannesburg, nyakati ambapo kusema hivyo kulihitaji moyo. Kwa mambo mengine ya lugha hoja hiyo ina nguvu. Kwa nie ni dhaifu, kwa kuwa Kimalei na Kireno cha kawaida huweka ukanushi kabla ya kitenzi. Mwafrika wa nchi za Kongo na Angola angeweza kuingizwa hapa, maana Kikongo hukanusha kwa ke mwanzoni na ko mwishoni, na krioli ya São Tomé ina na na fa kwa mfano huohuo. Ni kishawishi kizuri kwa mtaalamu wa lugha za Kibantu. Lakini watu wa Angola walioletwa mwaka 1658 walikuwa wachache kati ya umati uliokuja baadaye, na mfanano peke yake hautoshi kuwa ushahidi wa urithi.

Kundi la tatu lawatazama Wakhoikhoi. G. S. Nienaber aliugusa uwezekano huo, na Mholanzi Hans den Besten aliujenga kwa makini katika miaka ya 1980. Katika lugha za Kikhoekhoe, ambazo Kinama cha Namibia ndicho kilicho hai zaidi hivi leo, kitenzi huja mwisho wa sentensi baada ya yambwa, na neno la kukanusha, tama, hukifuata kitenzi hicho. Kwa hiyo msikilizaji wa Kikhoekhoe hungoja ukanushi pale pale penye mwisho. Maneno machache ya Kiholanzi cha Wakhoikhoi yaliyonakiliwa na tabibu Willem ten Rhyne alipopita Rasi mwaka 1673 yaonyesha kwamba walikisema Kiholanzi kwa mpangilio huo wa kwao, kitenzi kikija nyuma.

Upinzani mmoja umeletwa dhidi ya den Besten: Kikhoekhoe hukanusha mara moja tu, sasa hizo mbili zatoka wapi? Jibu laonekana katika zile sentensi fupi zilizotajwa juu. Mtumishi aliyejifunza Kiholanzi mashambani hakuanza na vishazi tegemezi. Alisikia kila siku Ik werk niet, Ik zie hem niet, Ik weet het niet, na katika zote hizo niet ilikuwa neno la mwisho, mahali hasa ambapo lugha yake mwenyewe ilimfundisha kuingoja. Kwake yeye kanuni ilikuwa wazi: Waholanzi, kama watu wa kwao, hukanusha mwishoni. Alipofikia sentensi ndefu, kama Ik heb hem niet gezien, alisikia niet katikati na bado sikio lake likadai ya mwisho. Aliyesema zote mbili hakuwa amekosea upande wowote. Na pale ambapo ya katikati na ya mwisho zilikutana, ilibaki moja, kama ilivyobaki hata leo. Kanuni ya kuondoa nie moja, ambayo vitabu huiweka kama kasoro ndogo mwishoni mwa somo, ni alama ya mahali ambapo lugha mbili zilikutana.

Yabaki kueleza jinsi usemi wa mtumishi ulivyoingia kinywani mwa bwana. Ndui ya mwaka 1713 iliwaua Wakhoikhoi wengi wa Rasi, na waliosalia, wakiisha kupoteza ng'ombe na malisho, waliingia mashambani kuwa wachungaji, waongoza magari ya ng'ombe na yaya. Kadiri walivyoiacha lugha yao, ndivyo Kiholanzi chao kilivyokuwa lugha ya nyumba nzima. Wenye kuijua Kenya ya ukoloni wanakumbuka Kiswahili cha masetla, ambacho ukanushi wote ulipunguzwa ukawa neno moja, mimi hapana taka, mimi hapana jua. Huko bwana ndiye aliyeivunja lugha ya mtumishi, na Waswahili hawakumfuata, kwani walikuwa na lugha yao ya kurudia jioni. Mashambani mwa Rasi mambo yalikwenda kinyume. Mtoto wa Kizungu alicheza, akalia na kubembelezwa katika lugha ya wale waliomlea, shule ikiwa mbali au haipo kabisa.

Kwa muda mrefu nie ya pili haikuwa sheria. Mwaka 1874 mwalimu Mholanzi aliyeishi Paarl, Arnoldus Pannevis, aliiandikia jamii ya Biblia ya huko Uingereza akiomba Maandiko yatafsiriwe katika lugha ya Rasi kwa ajili ya watu wenye rangi, ambao alisema hawakukielewa Kiholanzi. Ombi lilikataliwa. Katika mji huohuo, tarehe 14 Agosti 1875, walikutana watu wachache wakaunda chama cha Genootskap van Regte Afrikaners, na mwezi Januari 1876 wakatoa gazeti lao, Die Afrikaanse Patriot. Ombi lililoanza kwa ajili ya wazao wa watumwa likageuka kuwa harakati ya taifa la Wazungu. Barua za watu binafsi za tangu 1880 hadi 1922, ambazo Ana Deumert alizichambua katika kitabu chake cha 2004, zaonyesha kwamba waandishi Wazungu wa nyakati hizo walichanganya: wengine waliitia nie ya mwisho, wengine waliiacha, na mtu mmoja aliweza kufanya yote mawili, huku Kiholanzi cha kanisani kikimvuta upande mmoja na usemi wa nyumbani upande wa pili.

Usanifishaji ndio uliokata shauri. Akademia ya lugha iliundwa mwaka 1909, kanuni za tahajia zikatolewa 1917, sheria ya 1925 ikakifanya Kiafrikana kuwa lugha rasmi, na Biblia nzima ikachapishwa 1933. Wasanifishaji walihitaji kuthibitisha kwamba lugha yao si Kiholanzi kibovu, na nie ya mwisho ilikuwa hirizi nzuri kwa kazi hiyo, kwani Kiholanzi sanifu hakikuwa nayo. Hivyo alama iliyokuwa yumkini ni ya wachungaji na yaya ikawekwa kuwa sharti la Kiafrikana safi, na wakati huohuo wanasarufi wengi wa zama za ubaguzi wakafundisha kwamba lugha ilikua yenyewe kutoka Ulaya, bila kuguswa na Mwafrika wala mtumwa. Mtoto wa Soweto wa 1976 alipigiwa alama ya kosa kwa kuisahau nie ambayo, kama hoja ya den Besten ni sahihi, Waafrika ndio walioitia.

Ushahidi wa zamani wa Kiafrikana kilichokuwa nje ya mikono ya wasanifishaji upo, na mwalimu wa Kiswahili ana njia yake mwenyewe ya kuufikia. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na Dola ya Uthmaniya, alifika Cape Town mwaka 1863 kuwafundisha Waislamu, ambao wengi wao walikuwa wazao wa watumwa. Alijifunza lugha yao, na mwaka 1869 akamaliza kitabu cha fikihi kiitwacho Bayan al-Din, kilichopigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Kitabu hicho ni cha Kiafrikana, lakini kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu zenye irabu, pamoja na herufi zilizoongezwa nukta kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama walivyofanya waandishi wa Kiswahili wa Lamu na Mombasa walipotaka kuandika p na ch. Achmat Davids, mzaliwa wa Cape Town, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuvikusanya na kuvichunguza vitabu vya namna hiyo, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 2011, miaka 13 baada ya kufa kwake. Kwa kuwa mwandishi hakufuata tahajia ya Kiholanzi, kila sauti imewekwa kama ilivyosikika madrasani, na msomaji aliyefunzwa kuzisoma tenzi za kale katika hati zake za asili angeweza kuzitamka sentensi hizo moja baada ya nyingine.